Namna ya Kuoga Mtoni Bila Kutoka Uswahilini

Msafiri aliyerudi kutoka Varanasi hakosi picha za kukuonyesha: ngazi za mawe, alfajiri, mahujaji wamezama hadi kifuani ndani ya mto Ganga, nyuso zimeelekea jua linalochomoza. Kisha atasikitika kwamba sisi mila ya kuoga mtoni imetupita. Huyo hajawahi kupanga chumba Tandale. Mtu wa Dar es Salaam anaoga mtoni kila siku ya Mungu. Tofauti ni kwamba Mhindi anaufuata mto, sisi mto unatufuata wenyewe, siku ukijisikia.

Kwanza jua mto wako. Ukiwa pande za Kinondoni, yaelekea unaoga Ruvu, ulioshuka milima ya Uluguru ukachujwa kwenye mtambo wa Ruvu Chini, wilayani Bagamoyo. Temeke huenda ukabahatika kupata Kizinga, kupitia mtambo wa Mtoni. Mbagala ndani ndani ni kisima, na maji yakiwa ya chumvi utaisugua sabuni mpaka iishe bila kuliona povu. Msimbazi usiuguse. Ulitoka vilima vya Pugu na heshima zake, lakini ukapitia Vingunguti, na yaliyoukuta huko hayasimuliwi mbele ya watoto.

Usikurupuke kuvua. Waliosema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge hawakuishi na mgawo. Mwishoni mwa 2022, Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji, ikatangaza ratiba, jiji zima lilifundishika: hakikisha ndoo imejaa ndipo ufungue kifungo. Mwenye nusu dumu aoge paspoti saizi, yaani uso, shingo na makwapa, mengine amwachie marashi.

Sasa safari ya bafuni, ambayo ndiyo ibada yenyewe. Bafu liko mwisho wa ua, na njia inapita mbele ya milango ya wapangaji wote. Mwanamume: taulo kiunoni, kandambili, ndoo mkononi, kopo linaelea ndani yake. Mwanamke: khanga mbili, moja ya mwili, moja ya macho ya watu. Mswaki uko mdomoni, na hapo hapo mama mwenye nyumba anajitokeza. Shikamoo yenye povu haitamkiki. Ipeleke kwa magoti na nyusi, atakuelewa. Kupita kimya usithubutu, hasa kama kodi inakaribia.

Ukifika, kohoa. Mlango ni bati lisilo na komeo, kwa hiyo kikohozi ndicho kitasa. Ukijibiwa kwa kikohozi, rudi nyuma. Ukiingia, tundika taulo juu ya bati lionekane kwa nje. Hiyo ndiyo hati yako ya umiliki. Simama juu ya tofali. Sakafu waachie wenye imani.

Kopo la kwanza mimina miguuni, la pili mabegani. Kuguna kidogo kunaruhusiwa, na Julai hata kupiga yowe. Ila hesabu makopo. Ndoo ya lita 20 huisha ghafla, na mwenye sabuni machoni hana ujanja, lazima aite msaada. Atakayeitika ni yule yule uliyegombana naye juzi kwa ajili ya umeme wa Luku.

Usiimbe. Kwaya inavumilika, bongo fleva pia, lakini taarabu saa kumi na mbili asubuhi nyumba nzima itaitafutia mlengwa, na kila mwanamke uani atajiona ndiye. Kuna wapangaji waliohama kwa kibwagizo kimoja.

Na ukisikia "Baba Rehema, bado tu?" kwa mara ya tatu, jua aliye nje ana daladala ya kuwahi Kariakoo. Acha makopo mawili ya kusuuzia sakafu, kamua dodoki lako, toa taulo kwenye bati. Watu wako foleni.