Grosari Isiyouza Bia

"Samahani kaka, kaunta iko wapi?"

Niliulizwa hivyo Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, mlangoni mwa chumba changu mwenyewe, nikiwa nimejifunga msuli na nimeshika kopo la kumwagilia. Muulizaji alikuwa na shati lililonyooshwa likanyooka, amejipulizia manukato ya kutosha ukumbi mzima. Nyuma yake walikuwa wenzake wawili, mmoja ameshavuta stuli ya jirani na kukalia. Kabla sijapata la kujibu, akaagiza: "Mbili za baridi, moja ya moto."

Nikamwambia hapa hakuna bia. Akatabasamu tabasamu la mtu anayejua kwamba kila mahali pasipo na bia pana bia. Akasogeza pazia kwa kidole, akachungulia. Ndani taa ilikuwa inawaka na kuzima, pinki, buluu, pinki, buluu, na chini yake yakajitokeza mabeseni yangu manne.

"Kumbe mchicha," akasema. Kisha akawageukia wenzake kwa huzuni ya kweli: "Jamani, taa zote hizi, mchicha!"

Milango yote ya ukumbini ilikuwa wazi. Vicheko vya wapangaji wenzangu navisikia hadi leo, na jina nimeshapewa. Naitwa Meneja. Watoto wananiamkia, "Shikamoo Meneja," na mama mmoja wa chumba cha mbele huniuliza kila jioni bendi gani inapiga leo.

Lawama ziende zinakostahili, na za kwanza ziende kwa ukuta. Naishi Kariakoo, katika moja ya zile nyumba za Kiswahili zilizobaki, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, choo uani. Dirisha langu lilikuwa likitazama paa la bati la nyumba ya pili, na juu ya bati kulikuwa na anga. Nyumba hiyo ikauzwa, ikabomolewa, likaota ghorofa. Sasa nikinyoosha mkono dirishani nagusa plasta. Saa sita mchana nawasha taa ili nitafute kiatu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, watu wanalipa hela kulikimbia, na mimi niko dukani nanunua la kutengeneza.

Dukani muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Baa au saluni?" Nikamwambia mchicha. "Sawa, bosi," akajibu, kwa sauti ya mtu anayejua kutunza siri za wateja. Akanikatia mkanda wa taa za LED wa rangi tatu, mita tano, na rimoti yake ndogo nyeupe ya vitufe vingi. Ndio mkanda unaozungushwa nyuma ya televisheni, kwenye dari za saluni na kwenye kaunta za kila grosari kutoka hapa hadi Mbagala, na ndiyo sababu ni wa bei nafuu.

Hapa msomaji aniruhusu kidogo, maana jambo hili limenikosesha usingizi kwa utamu wake. LED haina uzi wa kuchomwa mpaka ung'ae. Ni kipande kidogo mno chenye pande mbili: upande mmoja una elektroni za ziada, upande wa pili una matundu yanayozisubiri. Ukipitisha umeme, elektroni inaangukia tundu, na katika kuanguka inatema nuru. Rangi inategemea kina cha anguko. Anguko fupi hutoa nyekundu, anguko refu hutoa buluu. Ndiyo maana nyekundu inaridhika na volti kama 2 wakati buluu inadai 3 hivi. Sasa, kwenye mkanda wa volti 12 taa hupangwa tatutatu kwa mstari. Nyekundu tatu zinakula volti 6, na zile 6 zilizobaki zinamezwa na kijirezista kilichokaa pembeni, ambacho kazi yake yote duniani ni kupata moto. Nusu ya umeme wa nyekundu yangu haikuwa nuru hata kidogo. Ilikuwa joto, Dar es Salaam, mwezi wa pili.

Na hiyo buluu isichukuliwe kirahisi. LED nyekundu ilionekana mwaka 1962, mikononi mwa Nick Holonyak huko Marekani. Buluu inayong'aa sawasawa ikasumbua watu miongo mitatu mingine, mpaka Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipoipata, wakaja kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Nakamura alikuwa mwajiriwa wa kampuni, na kwa uvumbuzi huo alipewa bahshishi ya yeni 20,000. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2005 wakamalizana kwa zaidi ya yeni milioni 800. Habari hii huwa naisoma polepole siku za mwisho wa mwezi.

Kwa nini pinki, basi? Kwa sababu ya jani. Mwaka 1882 Mjerumani Theodor Engelmann, akifanya kazi Utrecht, alichukua uzi mmoja wa mwani wa kijani, akaumulikia upinde mzima wa rangi kwa prizimu, kisha akamwaga humo bakteria wanaopenda oksijeni. Hakuwa na chombo cha kupimia oksijeni, kwa hiyo akawaacha bakteria wapime. Wakakimbilia pembe mbili, kwenye nyekundu na kwenye buluu, wakajazana huko. Kwenye kijani wakapita wachache. Jani lilikuwa limesema linakula nini. Basi nami nikazima kijani kwenye rimoti, nikabakiza nyekundu na buluu, na vitu hivyo viwili vikichanganyika macho ya binadamu huona pinki ya ukumbi wa starehe. Mtafiti McCree alishapima mwaka 1972 akakuta kijani nacho jani linakitumia vizuri tu, na taa nyeupe za kawaida zingetosha, maana LED nyeupe ni buluu iliyopakwa unga wa manjano. Najua. Lakini taa nyeupe haina bakteria wa Engelmann ndani yake.

Kisha kuna mchicha wenyewe. Watu wanaudharau kwa kuwa unaota hata kwenye ufa wa saruji, kumbe katika namna ya kushika hewa ya kaboni uko kundi moja na mahindi na muwa, kundi linalokula jua kali bila kushiba. Jua la mchana hapa nje linafika kwenye laksi 100,000. Chumba chenye taa iliyowaka vizuri kina mamia machache, na jicho, kwa uongo wake, linakuambia ni mwanga uleule. Mchicha haudanganyiki. Wa kwanza niliouotesha kwa balbu ya kawaida ulirefuka, ukapauka, ukawa na shingo ya mwanafunzi wa bweni, kisha ukalala. Chini ya mkanda, sentimita ishirini tu juu ya majani, ulisimama. Ulikuwa mfupi, mnene, na kila asubuhi nilikuwa nauamkia.

Mengine yalitokea, sitayarefusha. Adapta iliyoandikwa ampea 5 ilitoa moshi kwenye mbili. Gundi ya mkanda iliyeyuka, taa zikadondokea udongoni zikiwa zinawaka. Sinia la aluminiamu nililobandikia taa ili lipunguze joto lilikuwa la dada yangu, na lilihitajika kwenye shughuli. Mjumbe wa shina alikuja, akachuma jani, akalisugua, akalinusa kwa muda mrefu, akaondoka na mafungu mawili.

Tatizo ni kwamba pinki haikai chumbani. Usiku ilitoka dirishani, ikagonga ukuta uleule wa ghorofa, ambao umepakwa rangi nyeupe safi, ikajaa uchochoro wote mpaka barabarani. Ukuta ulioninyima jua ukanifanyia matangazo. Na waliotengeneza zile rimoti ndogo nyeupe hawakuona haja ya kuzitofautisha: ya mkanda wa nyuma ya televisheni ya chumba cha tatu inaendesha taa yangu bila shida. Mtoto wa pale, mwenye umri wa miaka saba na kipaji, alipenyeza mkono kwenye pazia langu Jumamosi hiyo na kubonyeza kitufe cha kupepesa.

Ghorofa lilipopanda hakuna aliyetuuliza. Hatukuitwa kikao, hatukuonyeshwa ramani. Siku moja asubuhi kulikuwa na jua, na baada ya zege kukauka hakukuwa nalo tena. Mwenye nyumba wetu alipandisha kodi mwaka huohuo, miezi sita kwa mkupuo, kwa maelezo kwamba mtaa umepanda hadhi. Jua lililochukuliwa halikuwa na mita, kwa hiyo hakuna wa kudai fidia. Ninalotengeneza mimi lina mita, na mita hiyo ni moja kwa nyumba nzima.

Kikao cha LUKU, yaani cha kugawana malipo ya mita hiyo, kiliitishwa Jumapili, asubuhi baada ya wale wateja. Nilikwenda na hesabu kwenye karatasi: nikizima kijani mkanda unabaki na wati kama 48, saa 12 kwa siku, karibu uniti 17 kwa mwezi. Nikaomba friji la barafu za kuuza, linalonguruma usiku na mchana pale ukumbini, nalo lihesabiwe. Nikaambiwa barafu ni biashara, mchicha ni starehe. Mchicha sokoni ni shilingi mia tano fungu, kwa nini mtu mzima aufungie taa za disko? Baba wa mtoto wa rimoti aliunga mkono. Ikaamuliwa nichangie elfu tano ya ziada kila mwezi, nitundike pazia zito dirishani, na nikivuna nigawe kila mlango.

Muhtasari uliandikwa na mwenye friji.