Jinsi ya Kuandika Riwaya Kila Siku Mpaka Isiishe

Wewe una riwaya kichwani. Usikatae. Tarime nzima ina riwaya kichwani: ya ng'ombe walioibwa usiku wakavushwa mpaka, ya dhahabu ya Nyamongo iliyomtajirisha mmoja na kumzika mwenzake, ya binti aliyetoroka ng'ombe wa mahari wakiwa tayari zizini. Mugumu nako ni hivyo hivyo, ila huko wanaongeza simba. Kazi iliyobaki ni moja tu, kuiandika. Mwongozo huu utakusaidia kuikwepa kazi hiyo kila siku, kwa nidhamu ya hali ya juu, huku watu wakikuita mwandishi.

1. Tangaza mapema

Usiandike neno hata moja kabla hujatangaza. Nenda kijiweni, agiza chai, ngoja ubishi wa mpira utulie, kisha sema kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mimi siku hizi naandika kitabu, bwana." Hapo hapo utaona mambo. Mzee wa pembeni atakusogezea kiti. Kijana wa bodaboda atataka kujua kama na yeye yumo. Kuna mtu atakulipia chai. Umeshapata heshima, kiti na chai, na wino wako uko vile vile. Anayeandika kweli atayasubiri hayo miaka, na huenda chai asiipate.

Ukiulizwa kitatoka lini, taja Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Sema unaiandalia hiyo. Washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, nawe mwaka ule ulikuwa bado unajipanga. Ongeza kwa unyenyekevu kwamba wewe hela si tatizo lako. Jikaze usicheke.

2. Nunua kaunta buku kubwa kuliko nia yako

Ingia steshenari. Hapa wengi hukosea kwa kununua la kwaya mbili. Kaunta buku la kwaya mbili lina kurasa 192, na mwandiko wa kawaida huingiza maneno kama 250 kwenye ukurasa. Mtu akijaza ukurasa mmoja kwa siku, mmoja tu, kabla ya chai ya asubuhi, baada ya miezi sita na siku kadhaa ana maneno 48,000. Hiyo ni rasimu ya riwaya. Hesabu hii usiifanye. Ukiifanya, usimwonyeshe mkeo wala mumeo.

Nunua la kwaya nne, lile zito ambalo ukilifungua tu mabega yanalegea. Chukua na kalamu za rangi tatu: nyeusi ya masimulizi, buluu ya mazungumzo, nyekundu ya masahihisho. Ikipotea moja, siku hiyo kazi imelala.

3. Chagua saa ambayo hutaiweza

Wanaojua watakwambia uandike saa ile ile kila siku. Wako sahihi, na ndiyo maana uchague saa kumi na moja alfajiri. Tarime ni nchi ya vilima. Saa hizo baridi inauma na blanketi lina hoja zake. Kengele ya simu italia. Utaishika simu uizime, na ukishaishika, bando lipo. Humo kuna grupu la ukoo, la harusi ya Desemba, la mliosoma pamoja, la kikoba. Soma yote, jibu yote. Kujibu nako si kuandika?

Kukipambazuka, fungua kaunta buku katikati ili lionekane limeshaliwa nusu, weka kikombe cha kahawa pembeni, piga picha, tupia status: "Alfajiri. Mimi na wahusika wangu." Kama kahawa ni ya Tarime, itaje, utakuwa umesema jambo moja la kweli. Kisha rudi ukalale.

4. Tafiti, tafiti, tafiti

Hapa ndipo penye ufundi. Asiyeandika huitwa mvivu, lakini anayetafiti huitwa msomi, na hakuna atakayekuuliza tofauti yao.

Mura, Tarime na Mugumu kumekubariki. Anza na nyumba ntobhu, ile desturi ya Wakurya ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mwanamke mwenzake ili mji wake upate warithi. Mada hii haina mwisho. Kila bibi utakayemuuliza ana lake, na hakuna bibi atakayekuacha uondoke bila kula. Ukishiba ugali na kichuri mchana, jioni huandiki kitu, na hakuna wa kukulaumu.

Kisha rukia mgodi wa North Mara. Ulianza uzalishaji mwaka 2002, lakini mtafiti makini haanzii hapo. Lazima ujue kabla ya mgodi nani alichimba, na kabla ya huyo nani alilima, na kabla ya huyo nani alichunga. Ukirudi nyuma kwa bidii utajikuta Fort Ikoma unahesabu mawe ya ngome ya Wajerumani, wakati shujaa wako amezaliwa 1995 na anauza vocha Sirari.

Baada ya hapo, safari. Barabara ya Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamongo inamfaa sana mwandishi, kwa kuwa ndani ya basi haandiki mtu. Ukifika, tangaza kwamba sura ya saba haiwezekani mpaka uwaone nyumbu wakivuka Mto Mara kule Kogatende. (Sura ya pili hujaianza. Hilo ni la ndani.) Nenda kati ya Julai na Oktoba, umtazame yule wa mbele. Amekuja mbio na wenzake, vumbi tupu. Anafika ukingoni, anainamisha kichwa, ananusa maji, anatazama ng'ambo. Nyuma yake maelfu wanasukumana. Watalii wameshika kamera tangu asubuhi. Naye anageuka, anarudi zake kula majani. Hakuna anayemcheka, tena wamelipia kumwona. Mwandishi kamili huyo. Nawe ukifika ukingoni mwa ukurasa mtupu, nusa, tazama ng'ambo, geuka kwa uso wa mtu mwenye mipango. Ni kweli kwamba baadaye hurudi na kuvuka, mamba wakiwamo majini. Wewe uwe umeshaondoka.

5. Ikibidi kuandika, jaza

Itatokea siku aibu ikakubana ukashika kalamu. Usihofu, ziko njia.

Wamarekani walikuwa na mchezo wao wa Novemba, NaNoWriMo, ulioanza 1999: maneno 50,000 kwa siku 30, yaani maneno 1,667 kila siku. Shirika lililousimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga. Hao hawakuwa na maamkizi. Sisi tunayo. Shujaa wako Mwita akiingia kwa baba yake mkubwa kuleta habari kwamba zizi limevunjwa, asiseme kitu kwanza. Aamkie. Shikamoo baba. Marahaba, habari za huko? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mama yako? Yupo, anawasalimu. Mvua? Imedondoka kidogo. Ng'ombe? Hapo Mwita anyamaze, avute pumzi, kwa sababu mama mkubwa ndiyo kwanza anatokea jikoni, na inabidi aanze upya. Ukurasa umejaa, wezi wameshafika Kenya, na hakuna mhakiki atakayethubutu kusema maamkizi yafutwe. Atasema nini kwao?

Majina nayo yanasaidia. "Mwita" ni neno moja. "Mwita Chacha Marwa wa Nyamwaga" ni maneno matano. Litaje kamili kila mara, hata anapopiga chafya.

Kuna watakaokwambia uipe akili mnemba kazi yote ikuandikie usiku umelala. Jaribu. Itakuletea Mwita anayeingia bila hodi, anasema moja kwa moja lililomleta, halafu anasimama dirishani kutafakari machweo. Baba mkubwa wa Tarime gani atamvumilia kijana huyo?

6. Ipende sura ya kwanza

Kila ukikaa, anza kwa kuisoma sura ya kwanza na kuirekebisha. Jogoo awike kabla ya jua au baada? Badilisha leo, rudisha kesho. Sura ya kwanza iliyooshwa mara mia inang'aa vizuri kwenye kijiwe, na ndiyo pekee utakayoombwa kuisoma.

Aliyeigusa sura ya kwanza mara moja tu, akaenda mbele na makosa yake yote, huyo amepotea. Atafika mwisho.

7. Chagua kisingizio, lakini chunga mkoa

Usiseme huna nafasi. Kwingine Tanzania hii neno hilo linapita. Mkoani Mara linagonga ukuta. Butiama ipo hapo tu, na mtu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 akiwa Rais, akafuatisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, nchi bado ikiwa mikononi mwake. Ukimwambia mzee wa Mara kwamba kikao cha kamati ya harusi kimekubana, utajibiwa, na jibu lenyewe hutalipenda.

Usiseme huna mahali patulivu, wala kompyuta, wala umeme. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya gerezani Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za chooni. Ungeweza kunong'ona kwamba alikuwa na bahati ya kutokuwa na grupu la kikoba, lakini nong'ona polepole.

Usiseme bado kijana. Ng'ambo hapo, Ukerewe, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, na riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka 1971 akiwa na miaka 27.

Kilichosalia ni subira, na kwa subira una mtu wa kumtaja mbele ya yeyote. Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe, alizaliwa 1896, na riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ilichapishwa 1980. Sema tarehe hizo taratibu. Waache wasikilizaji watoe umri wenyewe: miaka 84! Tikisa kichwa, sema, "Kazi nzuri haina haraka," agiza chai nyingine.

Ila ondoka kabla hajafika mwalimu wa fasihi. Yeye atawaambia kwamba Kitereza aliukamilisha mswada huo kwa Kikerewe mwaka 1945, na wachapishaji wasipoutaka kwa lugha hiyo, akakaa akautafsiri wote mwenyewe kwa Kiswahili. Waliochelewa ni wachapishaji.