Jinsi ya Kumwona Nguruwe Usiku Bila Kumpiga Jirani

Umekwisha kununua, basi tuendelee. Kile kikamera kinachobanwa kwenye darubini ya bunduki, ambacho muuzaji alikuapia kwamba kitageuza usiku kuwa mchana, kimo mezani, na wewe huna subira ya kupanda dunguni. Keti kwanza. Usiku haujawahi kugeuka mchana kwa pesa ya mtu yeyote, na umahiri hauuzwi pamoja na betri.

Tuseme uko Ujerumani, maana huko ndiko mlango wa vifaa hivi ulikofunguliwa kwa hofu ya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unatugusa. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, baada ya kufyeka nguruwe wa walowezi. Ngiri wetu huibeba bila kuugua. Septemba 2020 ikagunduliwa kwa nguruwe mwitu huko Brandenburg, karibu na mpaka wa Poland. Haimdhuru binadamu, lakini nguruwe akiipata ni nadra kupona, na dawa hakuna. Februari ya mwaka huohuo, hofu ikiwa imeshatanda, sheria ya silaha ilikuwa imemruhusu mwindaji mwenye kibali kumiliki vifaa vya usiku vya kubandika mbele au nyuma ya darubini yake ya kawaida. Nguruwe mwitu hula usiku. Anayetaka kuwapunguza sharti akeshe. Lakini kila jimbo lina kanuni zake za matumizi, hasa kuhusu taa ya infraredi. Zisome hizo kabla ya kijitabu cha kamera. Msomaji aliyeko Kenya na asome kwa elimu tu: uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku huko mwaka 1977.

Haya, tufunge. Cha mbele na cha nyuma si ndugu. Cha mbele hukaa kati ya darubini na mnyama, hivyo kikikaa upande hata kidogo, risasi nayo huenda upande. Nenda uwanja wa shabaha, piga karatasi, uone inatua wapi. Cha nyuma hakihamishi shabaha, kwa sababu kinatazama kilekile ambacho jicho lako lingetazama, alama ya kulengea na mnyama kwa pamoja. Pete yake lazima ienee sawasawa kwenye kioo cha nyuma. Ikipwaya, zungushia tepu kwanza, kisha kaza. Halafu fuata utaratibu: anza na kamera mpaka alama ya kulengea ionekane kali, ndipo urekebishe darubini mpaka mti wa mbali utulie. Ukianza na mti, jogoo atawika ungali unazungusha vioo. Na ukuzaji wa darubini urudishe chini kabisa. Kamera yenyewe inakuza. Ukiongeza juu ya hapo utapata nukta nukta zinazocheza, na mwenye hamu huziona nguruwe.

Kamera ya nyuma pia imelisogeza jicho lako. Shavu halikai tena pale lilipozoea, shingo inarefuka kama ya korongo, na bunduki ikirudi nyuma, kamera inakuja moja kwa moja usoni. Acha nafasi. Nyusi iliyopasuka haina cha kujisifia.

Taa za infraredi ziko za nanomita 850 na za 940. Ya kwanza hufika mbali, ila ikitazamwa kwa mbele huonyesha nukta nyekundu hafifu. Ya pili haionekani, lakini haifiki mbali. Zote mbili hushindwa na jani moja la nyasi lililo karibu na mtutu, au na manyunyu ya mvua: mwanga unagonga na kurudi, kioo chote kinakuwa cheupe. Hapo watu huongeza nguvu ya taa, na weupe unazidi. Punguza, kisha ng'oa hayo majani. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, baridi inaimaliza.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwenye kikamera hiki macho ya wanyama huwaka kama taa, na wawindaji wengi hutafuta macho. Ng'ombe, kondoo, mbwa, paka na mbweha wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Nguruwe hana. Binadamu naye hana. Yaani ukimlenga "yule asiyewaka macho", umebakiza viumbe wawili, na mmoja wao anaweza kuwa jirani yako aliyetoka kumtafuta mbwa. Kwa hiyo usipige umbo. Subiri uone pua ndefu, mgongo, mkia, mwendo. Kundi likiwa ndani ya mahindi, liache litoke: vitoto vyenye michirizi hufichwa na majani, na mama anayevilea analindwa na sheria. Tena picha ile ni bapa na haina rangi, haikuambii nyuma ya nguruwe kuna kichuguu cha kuzuia risasi au kuna barabara. Taa inapoishia, risasi ndiyo kwanza inaanza safari, na huweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Pakague mahali hapo mchana, kwa miguu yako.

Na kuna tabia mbaya kuliko zote: kutafuta wanyama kwa kuzungusha bunduki. Kamera imefungwa kwenye silaha, kwa hiyo kila unachokichungulia umekielekezea mtutu, ng'ombe, baiskeli, mapenzi ya vijana pembeni ya msitu, vyote. Mtu mzima mwenye kibali hafanyi hivyo! Tafuta kwa darubini ya mkononi inayoona joto la mwili, bunduki ikiwa imeegeshwa. Ukishapata kitu cha kushuku, ndipo uinue bunduki, kidole kikiwa nje ya triga, ukihakikishe kwa kamera. Ukibaki na shaka, shuka ukalale.

Kama pesa haitoshi kwa vyote viwili, uza kikamera, ununue hiyo darubini ya mkononi kwanza.