Sifa za Pampu Iliyogoma

Washairi wa pwani wamesifu jahazi, karafuu, mwezi na macho ya mpenzi. Pampu ya bwawa la kuogelea haijapata hata ubeti mmoja, na labda ni haki, maana pampu inayozunguka haina la kusifiwa: inasukuma maji kwenye chujio, inayarudisha bwawani, basi. Mimi naisifu iliyogoma. Ile ambayo mwangalizi wa bwawa anaibonyezea swichi alfajiri, wageni wakiwa bado wamelala, nayo inakaa kimya kama mkwe mbele ya mamamkwe.

Tazama heshima inayoleta. Mwaka mzima meneja hajui hata mlango wa kibanda cha mashine uko upande gani. Leo kaja mwenyewe, viatu vya ngozi vimo kwenye tope, tai kaitupia begani. Fundi aliyekuwa akiitwa "wewe kijana" sasa ni "fundi wangu, umekunywa chai?" Kipo chama cha wafanyakazi kilichopata hayo kabla ya saa mbili asubuhi?

Halafu ni mkweli. Ikigoma, husema imegomea nini, ila kwa anayesikiliza. Ikiwa kimya kabisa, maana yake umeme haujaifikia: breka imeanguka, au taima imepotea saa baada ya umeme kukatika usiku, au chumvi ya upepo wa bahari imezitafuna ncha za nyaya mpaka zikawa kijani. Au ni sisimizi. Hawa hupenda kuingia kwenye kontakta, wakakaangwa katikati ya pointi, na maiti zao zikarundikana hadi chuma hakigusi chuma. Hoteli ya ghorofa nne imesimamishwa na mdudu asiyefika uzito wa punje ya mchele! Fundi anazima umeme, anafungua, anapuliza, anasugua, anafunga. Pampu inanguruma. Meneja anauliza, "Ilikuwa nini?" Fundi, ambaye ana watoto wa kusomesha, anajibu kwamba ilikuwa kazi kubwa.

Lakini utamu wenyewe uko kwa pampu inayovuma bila kuzunguka. Hapo pana falsafa. Mwaka 1888 Nikola Tesla alipewa hataza za Marekani kwa mota iliyotumia mikondo ya umeme zaidi ya mmoja, ili nguvu ya sumaku izunguke yenyewe na kuukokota mhimili nyuma yake. Pampu nyingi za mabwawa madogo hupata mkondo mmoja tu, ule ule wa volti 230 wa nyumbani. Mkondo mmoja huvuta na kusukuma katika mstari ule ule, mara 50 kwa sekunde, na mota haijui ianzie kulia au kushoto. Anayeiamulia ni kapasita, kikopo kidogo kilichobandikwa ubavuni. Kikifa, mota inavuma, inapata moto, haiendi popote. Nimekaa kwenye kamati za namna hiyo. Tofauti ni kwamba mota ina kinga ya joto: ikizidi kuchemka inajizima yenyewe, kinga ambayo wenyeviti wetu hawajafungiwa.

Fundi mzuri hakimbilii kununua. Anakata umeme, anafungua kifuniko cha feni huku nyuma, anazungusha mhimili kwa mkono. Ukizunguka laini, anamshuku kapasita. Ukikataa, basi sili ilivuja na beringi zimeshika kutu, hasa kwa pampu iliyolala masika yote hoteli ikiwa imefungwa. Au kuna kokwa, hereni ama fundo la nywele limeibana impela. Fundi mbaya anaing'oa mota nzima na kuipeleka kusukwa upya, wakati ugonjwa ulikuwa kwenye kile kikopo.

Na wageni? Jua limeshaimaliza klorini, maji hayachujwi, na siku chache baadaye bwawa limekuwa kijani. Vyura wameingia bila kulipa kiingilio. Hapo ndipo mgeni aliyepanda ndege kutoka Ulaya na kujilaza siku nne kando ya kidimbwi chenye vigae, anapoinua macho na kuiona Bahari ya Hindi. Ilikuwepo muda wote, hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake, inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na haina kontakta. Pampu inayofanya kazi isingemwonyesha kamwe.

Kwa hiyo, mwenye hoteli, usiitukane na usiipige teke. Ukitaka kuikagua, zima swichi kuu kwanza, na kapasita usimguse hata hapo, maana umeme hubaki ndani yake baada ya swichi kuzimwa. Mwachie fundi. Akimaliza, mlipe siku hiyo hiyo, hata kama walikuwa sisimizi.