Mageti Mengi, Mlima Mmoja: Mambo Tisa ya Kumtoa Fundi Jasho

Kampuni za utalii za Moshi haziridhiki na jina moja la tovuti. Lipo la .co.tz la kuonyesha uzalendo, la .com la kumvuta Mmarekani, na la .de la Mjerumani, ambaye tangu Hans Meyer afike kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889 hajaacha kuja. Bosi akiwa mzaliwa wa Mkuu, Rombo, lazima liongezwe la nne, la njia ya Rongai, maana haimwingii akilini Rombo iwe na njia yake halafu wageni wote wapelekwe Machame. Nyuma ya majina hayo yote kuna programu moja ya kupokea oda, kwenye seva moja, inayolipiwa kwa kadi moja. Hapo kwenye kadi bosi hataki mjadala.

Kinachowezesha mambo hayo ni proksi inayokaa mbele ya programu. Inapokea kila ombi, inasoma mgeni amekuja kwa jina gani, inalipeleka ombi ndani na kurudisha jibu. Mlima wetu nao ndivyo ulivyo: uingilie geti la Marangu, Machame, Londorossi au Nalemuru, kilele ni kilekile cha mita 5,895. Ila getini wasipoandika umeingilia wapi, huko juu ni vurugu. Mifano hapa ni ya Nginx, aliyoitoa Igor Sysoev mwaka 2004. Wapenzi wa Caddy na HAProxy watuvumilie, mbege ipo ya kutosha.

9. Kusajili majina

Hili ni dogo. Majina ya .tz yanasimamiwa na tzNIC, na mbali na .co.tz kuna hata .hotel.tz kwa mwenye vyumba. Kila jina unalielekeza kwenye anwani ileile ya IP, ya proksi. Kazi ni kukumbuka kulipia. Kwa sababu zisizoelezeka majina hupenda kuisha muda Desemba, wakati mwenye nywila ya akaunti amerudi kijijini: kata ya mbege mkononi, simu kwenye koti, koti chumbani, na chumbani kumelala wageni.

8. Namba za balaa

413: mgeni amepakia picha ya pasipoti, na Nginx usipoiambia vingine haipokei mzigo unaozidi MB 1. 502: proksi iko hai, programu imezimia. 504: programu ipo ila inajivuta, sekunde 60 zimepita. Bosi akiona 502 anasema proksi imeharibika. Masikini, proksi ndiyo pekee iliyoripoti kazini.

Na siku hizi huna pa kujificha. Tangu Agosti 2022, TTCL ilipozindua intaneti ya kasi pale Horombo, mita 3,720, mgeni analalamika akiwa bado njiani. Zamani alikuwa anashuka hasira zimeshapoa.

7. Mgeni asiyejulikana

Mtu yeyote duniani anaweza kununua jina lake na kulielekeza kwenye anwani yako ya IP. Nginx isipolikuta jina hilo kwenye server_name yoyote, haimfukuzi. Inampeleka kwenye seva ya kwanza kuandikwa katika usanidi, na tovuti yako inaanza kuonekana kwa jina la watu wengine. Weka geti la ziada lenye default_server na mstari mmoja ndani yake: return 444. Muunganisho unakatwa papo hapo, hakuna jibu. Uchagani kumwacha mtu mlangoni bila hata neno la karibu ni tusi la kuitishia kikao cha ukoo. Kwenye seva ni usafi.

6. Vyeti

Kabla ya kuomba ukurasa, kivinjari kinataka mazungumzo yafungwe kwa usimbaji. Sasa proksi itoe cheti cha jina gani, na jina lenyewe halijatajwa? Jibu lilipatikana mwaka 2003 kwa nyongeza iitwayo SNI: kivinjari kinataja jina mwanzoni kabisa, ndipo cheti kinatolewa. Kabla ya hapo, kila tovuti yenye kufuli ilihitaji anwani yake ya IP, na bosi wetu mngemsikia mpaka Tarakea.

Let's Encrypt inatoa vyeti bure tangu Desemba 2015, na kimoja kinaweza kubeba hadi majina 100. Usishawishike haraka. Cheti si siri; yeyote anakifungua kwenye kivinjari chake na kusoma majina yote yaliyomo. Bosi mwenye kampuni mbili “zinazoshindana”, moja ya bei ya juu na nyingine ya bei chee, ataanikwa na cheti kimoja bila hata umbea wa stendi. Kila jina lipewe cheti chake.

Usivihuishe kwa mkono pia. Aprili 2025 CA/Browser Forum, jukwaa la watoa vyeti na watengeneza vivinjari, lilipitisha kwamba kufikia Machi 2029 muda wa cheti usizidi siku 47. Anayejiamini kwamba atakumbuka, tumkumbushe tena ile simu iliyo kwenye koti.

5. Google na nakala zake

Maneno yaleyale kwenye majina manne, Google inayaona ni nakala. Itachagua moja ya kuonyesha, na ina kipaji cha kuchagua ile usiyoitaka. Tangu 2009 ipo alama ya rel=canonical ya kuiambia ukurasa wenyewe ni upi. Au mhamishe mgeni kwa 301: wanaopandia Rongai kwa kawaida hushukia Marangu, na sijasikia aliyedai arudishwe alikoingilia. Mjerumani mwacheni kwenye .de yake, kurasa za Kijerumani si nakala.

4. Kuki

Mteja ameingia kwenye akaunti yake kupitia .co.tz. Akihamia .com anaulizwa nywila upya, anakasirika, anapiga simu. Kuki za jina moja hazisomeki kwenye jina lingine, na hakuna mstari wa proksi wa kulitibu hilo. Kuna aliyependekeza kuki iwekwe kwa .co.tz yote. Vivinjari vinakataa, na vina haki, kwa sababu ingesomwa na kila kampuni yenye .co.tz, wakiwemo washindani wako. Chagua jina moja la kuingilia akaunti, ulipiaji wote uishie hapo.

3. Kizunguzungu cha kufuli

Proksi inafungua kufuli mlangoni, kisha inaongea na programu kwa HTTP ya wazi. Programu inashtuka: “Huyu hana usalama, arudi kwa HTTPS!” Mgeni anarudi kwa HTTPS, proksi inafungua, programu inashtuka tena. Kivinjari kinazunguka mpaka kinasalimu amri.

“Kijana, mbona tovuti inasema imeelekezwa mara nyingi mno?”

“Bosi, imeelekezwa mara nyingi mno.”

Dawa ni kichwa cha X-Forwarded-Proto, kinachoiambia programu kwamba mgeni alikuja na kufuli. Programu ikiwa imeandikwa kwa Django, lazima pia uiambie ikiamini, kwa SECURE_PROXY_SSL_HEADER. Mwenzake ni X-Forwarded-For, kinachobeba anwani ya mgeni. Ukikisahau, kumbukumbu zitaonyesha wateja wote wa mwaka mzima wametoka 127.0.0.1, familia kubwa sana, nyumba moja.

Vichwa hivi viandikwe upya na proksi yenyewe. Mgeni naye anaweza kuja navyo vya kughushi, na programu inayoviamini kibubusa itaandika chochote itakachoambiwa.

2. Kache inayochanganya ndugu

Hili huonekana wiki kadhaa baadaye, wakati fundi ameshalipwa na ameshakula.

Kache ina sababu nzuri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikakokota miguu. Programu ikiwa kwenye seva ya Ujerumani na proksi ikiwa Dar es Salaam, proxy_cache_use_stale inaiwezesha proksi kumpa mtu wa Moshi ukurasa wa jana badala ya kumpa samahani. Tukio moja kama hilo linatosha kumshawishi bosi.

Lakini ufunguo wa kawaida wa kache ya Nginx unaundwa na $scheme, $proxy_host na $request_uri. Tazama hicho cha katikati. $proxy_host ni jina la programu iliyo nyuma, wala si jina alilolitumia mgeni. Programu ikiwa moja, jina hilo ni moja kwa majina yote manne. Mjerumani akifungua ukurasa wa bei wa kwanza asubuhi, proksi inauweka, na mwalimu wa Mkuu anayeulizia safari ya wanafunzi anapewa bei za euro kwa Kijerumani. Andika proxy_cache_key yako mwenyewe, yenye $host ndani.

1. Host

Tangu HTTP/1.1, iliyotoka mara ya kwanza kama kiwango Januari 1997, kila ombi lazima libebe kichwa cha Host, yaani jina alilolitumia mgeni. Bila hicho mambo manane ya juu hayana maana, maana kila kitu kinategemea jina hilo lifike ndani salama. Nginx inafanya nini nalo? Inalibadilisha. Usipoiagiza, kwa programu inapeleka $proxy_host, ile ile ya kwenye kache. Wageni kutoka Berlin, Boston na Usseri wote wanatangazwa ndani kwa jina la localhost:8000, na barua za kuthibitisha oda zinatumwa na viungo vya localhost. Mgeni anabofya, kompyuta yake inajitafuta yenyewe.

Mstari ni huu:

proxy_set_header Host $host;

Sasa fitina yake. Mistari ya proxy_set_header hurithiwa kutoka ngazi ya juu pale tu ngazi ya chini isipokuwa na hata mmoja wa kwake. Ukiuweka Host juu vizuri, halafu fundi mwingine akaongeza kichwa chochote ndani ya location, ya juu yote inafutika hapo, kimya kimya. Iwekeni yote kwenye faili moja na kuiita kila mahali kwa include.

Upande wa programu, Django hukataa kwa 400 jina lisilo kwenye ALLOWED_HOSTS. Wavivu huweka nyota, kila jina lipite. Kisha mtu anatuma ombi la kubadili nywila ya mteja likiwa na Host ya kubuni, na mteja anapokea barua yako halali yenye kiungo cha mwizi. Andikeni majina yote, moja moja.

Mkimaliza, jaribuni kila jina kwa curl --resolve kabla ya kumgusa bosi. Ataridhika, kisha ataleta la tano, la Wafaransa. Liongezwe kwenye DNS, kwenye server_name, kwenye cheti na kwenye ALLOWED_HOSTS. Msimbo wa programu hauguswi. Ankara inaguswa.