Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Mfumo

Mheshimiwa Msimamizi wa Mfumo,
Nairobi.

MINTARAFU: OMBI LA KUONGEZEWA NENO MOJA

Mimi ni karani wa kamati ya kisima huku Eldas, Kaunti ya Wajir. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa mfumo wako wa malalamiko hauna mahali pa kuulalamikia wenyewe.

Jenereta ya kisima chetu ilipozimika, nilifungua tiketi papo hapo, kama tulivyofunzwa. Kwenye kisanduku cha "Aina ya tatizo" nikakuta machaguo manne: bomba limepasuka, mita imeharibika, bili ina makosa, nyinginezo. Mheshimiwa, mita hatuna. Bili tunaisikia tu redioni. Nikachagua "nyinginezo". Jibu likaja upesi ajabu: "Tafadhali chagua tatizo mahususi kwenye orodha."

Nikaomba neno "jenereta" liongezwe. Nikaambiwa mwenye ruhusa ya kugusa orodha ni wewe peke yako, nawe uko semina. Niliwaeleza ngamia, hawakuelewa semina ni kitu gani.

Kusubiri orodha tumekuzoea. Jina la mji wetu, kama la El Wak, linaanza na neno la Kisomali la kisima, ila kisima chenyewe hakimo mfumoni mwako. Hata Eldas tulikuwa kipande cha Wajir Magharibi hadi mipaka mipya ya 2012, maeneo bunge yalipopanda kutoka 210 hadi 290. Ndugu zetu Wamakonde walilazimika kufunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi mnamo Oktoba 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Sisi tuko mbali kuliko Kwale, na ni neno moja tu tunalotafuta.

Hofu yako naijua. Ukitupa kalamu, huyu ataandika "jenereta", yule "genereta", wa tatu "injini", na ripoti yako ya robo mwaka itahesabu ubovu mmoja mara tatu. Ni hofu ya haki. Lakini sikuombi funguo za nyumba nzima. Tupe orodha ya mradi wetu wa kisima tu, isiyogusa ya mradi wa Kisumu. Kila neno jipya liandikwe limeongezwa na nani, lini. Neno lililopitwa na wakati lifichwe, lisifutwe, tiketi za zamani zisije zikabaki bila maana. Na ukiona tumeandika kitu kimoja mara mbili, uyaunganishe maneno hayo. Kazi hiyo hatukunyang'anyi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Mheshimiwa. Wewe umetuandalia hadi orodha ya kunguni.

Wako mtiifu,
Karani, Kamati ya Kisima
(cheo mfumoni: Mtumiaji wa Kawaida)

Tanbihi: Jenereta inanguruma tena. Dereva wa lori la mifugo aliyekuwa akipita aliifungua, akasafisha kichujio cha dizeli, akaendelea na safari yake baada ya kikombe cha chai. Tiketi, hata hivyo, ingali wazi. Nimejaribu kuifunga, lakini kisanduku cha "Sababu ya kufunga" kina chaguo moja tu: "Imetatuliwa na ofisi."