Wenye Meli na Wenye Dagaa
Ukiwasikiliza wapenzi wa historia, MV Liemba ni meli ya wanaume: Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Heshima zao. Ila meli haiishi kwa mizinga, huishi kwa nauli na mizigo, na ziwani Tanganyika mwenye tenga la dagaa mara nyingi alikuwa mama, aliyeiparamia meli kutoka mtumbwini, mtoto mgongoni. Juu, daraja la kwanza, mgeni alikunywa bia akiandika kuhusu ukimya wa ziwa. Chini, akina mama walikalia magunia wakipanga bei ya soko la kesho, baraza kamili. Mtasema huo ni msongamano, si baraza. Haya, na hao wa juu waliamua nini, zaidi ya chupa ya pili? Mei 2015, Warundi waliokimbia nchi yao wakivuka mpaka kutoka upande wa Kabonga walipojazana katika kijiji cha Kagunga, Tanzania, Liemba ndiyo iliyowabeba hadi Kigoma, 600 kwa safari, wengi wao wanawake na watoto. Na bado msafiri aliporudi kwao alianza simulizi yake kabini.